Kabla ya Kidonge, Mguu Uchunguzwe

Ukishika njia ya Gatumba kutoka mjini Bujumbura, unafika Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakazi wa ukanda huu wanayajua maji. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuizamisha Gatumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na kuingia majumbani. Anayeshinda na miguu majini hulainika ngozi katikati ya vidole, ikapasuka, na bakteria wakapata mlango.

Baada ya siku chache mguu unavimba, unauma na unatoa joto. Mara nyingi safari ya kwanza ni ya famasi. Mgonjwa anaeleza kwa maneno mawili matatu, anapewa amoksisilini, dawa ya bakteria, kwa kiasi cha fedha aliyo nayo, na mguu wenyewe haujatazamwa.

Hapo ndipo tunapokosea, kwa maana si kila mguu uliovimba una bakteria. Huko Norwich, Uingereza, madaktari bingwa wa ngozi waliwachunguza wagonjwa 635 waliodhaniwa kuwa na maambukizi makali ya bakteria miguuni. Kwa mujibu wa matokeo yao ya mwaka 2011, wagonjwa 210, yaani mmoja kati ya watatu, walikuwa na tatizo jingine, kama ukurutu au uvimbe unaotokana na damu kutuama miguuni. Na wengi wa walioambukizwa kweli walitibiwa bila kulazwa.

Mtaalamu hutazama nini? Kwanza hulinganisha miguu yote miwili, kwa sababu bakteria mara nyingi hushambulia mmoja tu. Ikivimba yote kwa pamoja, huenda chanzo ni mishipa ya damu, moyo au figo. Kisha huweka mgongo wa mkono juu ya ngozi apime joto. Vitabu vingi husema ngozi iliyoambukizwa huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha; huonekana weusi uliokolea, au ngozi iliyokaza na kung'aa. Hupanua vidole kimoja kimoja kutafuta fangasi na mipasuko. Mwisho huchora mstari kwa kalamu kuzunguka uvimbe, ili kesho ijulikane kama umevuka mpaka.

Jipu nalo lina taratibu zake. Likiiva, tiba kuu ni kupasuliwa na mhudumu wa afya kwa vifaa safi, usaha utoke. Na mtoto anayejikuna usiku kucha huenda ana upele wa wadudu waingiao ngozini. Akimeza dawa ya bakteria peke yake, vidonda vitakauka kisha virudi, kwa kuwa wadudu bado wamo mwilini, na ndugu anaolala nao hawajatibiwa. Vidonda hivyo si vya kupuuzwa, kwani bakteria wake wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo. Tangu mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali nchini Burundi, basi mzazi asisite kumpeleka.

Vidonge visivyohitajika vina gharama kwa wote, kwa kuwa huwafanya bakteria wawe sugu. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika Kusini mwa Sahara iliathirika kuliko kwingineko.

Bingwa wa ngozi hawezi kupatikana kila kata, lakini jirani zetu wameonyesha njia. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC huwafundisha maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa miaka miwili, kisha wahitimu hurudi kuhudumia kwao. Mtu mmoja wa namna hiyo, mwenye siku yake ya kliniki kila wiki na simu ya kumtumia bingwa picha, angewafaa sana watu wa Kajaga na Gatumba.

Wakati tunadai huduma hiyo, kila mmoja ana la kufanya. Onyesha mguu kituo cha afya kabla ya kununua dawa, na ukipewa, imalize kama ulivyoagizwa. Uvimbe ukivuka mstari, homa na kutetemeka vikianza, maumivu yakizidi au ngozi ikianza kufa na kuwa nyeusi tititi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.