Posti ya Nagai Iliyonikosesha Oda ya Mikoba 40

Wapambanaji wenzangu, hii nilikuwa naionea aibu. Ila juzi dada mmoja kaniuliza inboksi jinsi ya kuwauzia wageni wa Kijapani, nikaona bora niseme yote.

Nipo Kaole, Bagamoyo. Nauza mikoba na mikeka ya ukindu mtandaoni, wasukaji ni shangazi yangu na wenzake watano. Juni 2025 kijana mmoja anayetembeza watalii alinipa namba ya Wajapani watatu waliokuwa wanakuja kuona magofu yetu, akasema wanataka pia kuona ukili unavyosukwa. Nikawaandikia kwa programu ya kutafsiri: njooni saa 4. Asubuhi tumefagia baraza, chai ya tangawizi tayari, vitumbua tayari. Kimya. Wakatokea saa kumi kasoro dakika kumi jioni, wanatabasamu, wamewahi! Kwao 4 ni saa kumi yetu. Vitumbua vishapoa, shangazi kanuna. Tangu siku hiyo mteja wa nje namwandikia "saa 4 asubuhi, 10:00 a.m." yote mawili.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo kutoka mkoa wa Yamagata, kaskazini huko kwenye theluji. Sisi tukambatiza Mama Yamagata. Alituambia Tanzania kaijua kupitia Nagai, mji mdogo wa mkoani kwao wenye watu kama elfu 25, uliopangiwa kuwa mwenyeji wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Tokyo. Urafiki ukaanzia hapo. Mi Japani niliyoijua ni Toyota tu, nikabaki naitikia.

Sasa kwenye kununua. Sijawahi kuona mnunuzi wa vile. Katoa futi ya kamba kwenye pochi, kapima mkoba urefu, upana, hadi mshikio. Nilikuwa nimeandika "mkubwa". Akauliza, mkubwa kiasi gani? Kisha akauliza kama ile zambarau inachuja. Nikajibu haichuji kabisa. Akalowesha tishu kwa maji ya chupa, akafuta, tishu ikawa zambarau. Hakugomba wala hakuomba punguzo. Akachukua mikoba mitatu isiyo na rangi kwa bei ileile, 15,000 kila mmoja, akaniomba taratibu niwe naandika kwamba ya rangi inachuja. Jamani, bora angegomba.

Nikafanya alivyosema: sentimita, rangi, picha ya chini ya mkoba na ya ndani. Julai akaagiza 12, ikafika salama. Mwanzoni mwa Agosti akasema rafiki zake na mwenye duka jirani yake wanataka 40. Nikakopa 150,000 kwenye kikoba, tukanunua ukindu, akina mama wakaanza kusuka.

Ndipo yakaja ya Nagai. Tarehe 21 Agosti, wakati wa mkutano wa TICAD kule Yokohama, JICA ilitangaza mpango wa kuunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika: Nagai na Tanzania, Imabari na Msumbiji, Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana. Lengo ni kubadilishana wageni na ujuzi. Tatizo jina. Waliita mpango huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mji wa nyumbani kwenu. Huku kwetu habari zikatoka kana kwamba Nagai imekabidhiwa Tanzania, na Nigeria serikali yao ikatangaza viza maalum, ambayo Japani ilikanusha.

Na mimi sikusoma, nikaposti: "JAPANI YATUPA WATANZANIA MJI WA NAGAI! Wateja wangu wapo hukohuko, wahi mkoba wako!" Ikasambaa kama moto wa makuti. Kwa siku mbili niliuza mikoba tisa, na watu kibao wakawa wanauliza viza badala ya mikoba.

Siku ya tatu ujumbe wa Mama Yamagata ukaingia, na picha ya posti yangu. Aliandika kwa upole kwamba hakuna aliyempa mtu mji. Wajapani wengi wameingiwa hofu kwamba wageni watahamishiwa kwao, ofisi za miji ile zinapigiwa simu za hasira mfululizo, na watu wanasambaza posti kama yangu kuwa ushahidi. Nilifuta palepale nikaomba radhi. Akajibu "asante". Kuhusu ile 40 hakusema kitu.

Nikakaa wiki tatu nayaangalia mafungu ya ukili. Septemba 15, Alphonce Simbu akashinda marathoni ya dunia hapohapo Tokyo, kampita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Jioni simu ikalia: "Hongera Simbu!" Ni yeye. Nilifurahi mpaka shangazi akauliza kama nimelipwa.

Septemba 25 JICA wakaufuta mpango. Rais wao alisema jina lenyewe lilileta kutoelewana, ila ushirikiano na Afrika utaendelea. Oda nayo ikashuka hadi mikoba 10. Mwenye duka aliogopa maneno ya wateja wake. Hiyo 30 niliimaliza polepole mpaka Desemba kwa 11,000, na kikoba nikakilipa kwa kuchelewa, na faini juu.

Oktoba niliweka posti ya kusahihisha, nikaeleza Nagai ni nini hasa. Ilipata likes 14, mbili ni za ndugu zangu. Ile ya uongo nilishaifuta, lakini watu walikuwa wameipiga picha. Wiki iliyopita imerudi kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwetu, namba yangu ya simu bado ipo chini yake, na mtu ananiuliza nauli ya Nagai ni shilingi ngapi.