Je, Wajua? Urithi wa Singida, Kutoka Zizini Hadi Mahakamani

Je, wajua kwamba Mhadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, akifariki hakuna cha kugombania? Mishale, visu na shanga havijazi mkoba, na enzi zote vimekuwa vikihama kwa huyu kwenda kwa yule kupitia lukucuko, mchezo wao wa kamari.

Je, wajua kwamba kwa Wanyisanzu, jirani zao hapo hapo Mkalama, ukoo hufuata mama? Kwa desturi ya zamani mali ya mjomba ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Wanyiramba nao walikuwa hivyo hivyo.

Ukiingia kwa Wanyaturu, ukoo unakuwa wa baba. Lakini je, wajua kwamba kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba hiyo hurithiwa na watoto waliozaliwa humo? Mwanaanthropolojia Harold Schneider aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1970. Mzee wa wake watatu, basi, ana hesabu tatu za kuweka sawa kabla hajafumba macho.

Na je, wajua kwamba ng'ombe wa mzee hawalali wote zizi moja? Wafugaji wengi huwaweka wengine kwa marafiki wa vijiji vya mbali: rafiki anakamua, mwenye mali anaepusha kundi zima lisiishe kwa ugonjwa mmoja. Akifa bila kusema nani anatunza wangapi, kumbukumbu za marafiki huanza kufifia tangu matanga. Daftari la shule linatosha: jina, kijiji, "jike jekundu, pembe ya kushoto imevunjika".

Je, wajua kwamba mjane mwenye watoto anaweza kupata majibu matatu tofauti, kutegemea sheria itakayotumika? Kwa kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, hapati fungu. Hutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya Kiislamu, thumuni. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, theluthi. Naam, India, 1865, na Tanzania Bara bado tunaitumia! Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu, na cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi ubishi. Ndiyo maana misiba mingine hujadili dini ya mzee kuliko alivyoijadili mwenyewe.

Je, wajua kwamba wajane wawili wa mkoa jirani wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani na ndugu wa waume zao, walifika hadi Umoja wa Mataifa? Mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Upande wa ardhi ya kijiji, sheria ya mwaka 1999 imeshabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kuimiliki, na hati ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke.

Je, wajua kwamba wosia wa mdomo unakubalika kimila? Unataka mashahidi wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Wa maandishi unataka wawili, au wanne kama mwenye wosia hajui kusoma. Mwislamu huusia mwisho theluthi ya mali. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, huandika na kutunza wosia, kwa wasioamini kabati la nyumbani.

Je, wajua kwamba msimamizi wa mirathi hawi mrithi kwa kuteuliwa tu? Mahakama ya Mwanzo humpa miezi minne alete orodha ya mali na hesabu.

Na je, wajua kwamba kanuni za 1963 zinaruhusu kumnyima mtoto urithi? Lazima sababu zitajwe: amezini na mke wa baba, amejaribu kumuua, au hakumtunza mzazi wakati wa njaa au ugonjwa. Mtoto naye ana haki ya kujitetea.