Nyonga Iliyovikwa Kofia ya Chuma

Kwenye chemchemi za moto za Nyamyumba, kusini kidogo mwa Gisenyi, watu huja kuloweka viungo vinavyouma. Sina ugomvi na maji yale. Ila akija mtu aliyepasuliwa nyonga Ubelgiji au Uingereza, kabla hajavua viatu ningemuuliza: uliwekewa chuma gani?

Maana nyonga za bandia si za aina moja. Upasuaji uliozoeleka hukata kichwa cha mfupa wa paja na kuweka kingine. Upasuaji mwingine hukiacha kichwa mahali pake, hukichonga kidogo na kukivika kofia ya chuma, nayo huzunguka ndani ya kikombe cha chuma. Mwanatenisi Andy Murray alifanyiwa hivyo Januari 2019, na mwaka uleule akatwaa taji la Antwerp.

Katika miezi ya mwanzo, cha kuhofia ni shingo ya paja. Kofia ni mpya lakini shingo inayoibeba ni ileile ya zamani, na mfupa ukiwa dhaifu huvunjika.

Baadaye huja tatizo gumu zaidi. Chuma kikisugua chuma, chembe za kobalti na kromiamu hudondoka, hasa kikombe kikipachikwa wima mno hata mzigo ukaelemea ukingoni. (Kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, si hapa jirani Goma bali kusini, Lualaba. Huenda ndiyo iliyozunguka dunia ikarudi Kivu ndani ya paja la mtu.) Chembe hizo huukasirisha mwili: majimaji hujaa, uvimbe usio saratani huota, misuli na mfupa huliwa kimyakimya. Nyingine huingia kwenye damu. Uingereza, zikifika mikrogramu 7 kwa lita, mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu. Kobalti ikizidi sana, ingawa ni nadra, hudhuru moyo, macho na masikio.

Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake za chuma kwa chuma ziitwazo ASR, wakati watu wapatao 93,000 walikuwa wameshawekewa. Mwaka 2015 Smith & Nephew nao waliondoa saizi ndogo za nyonga yao ya kofia iitwayo Birmingham, milimita 46 kushuka chini, na kusema isiwekwe kwa wanawake. Kofia ndogo husagika vibaya zaidi.

Maumivu ya kinenani, uvimbe, au mlio wa kugonga unapopanda mlima, usiyaite baridi ya Ziwa Kivu. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi kabisa huku majimaji yamejaa pembeni, ultrasaundi huyaona. Ikibidi kurudia upasuaji, kichwa hukatwa na nyonga nzima kubadilishwa, na kazi huwa nyepesi misuli ikiwa bado haijaliwa.

Daktari atataka jina la kifaa, saizi na mwaka. Viko kwenye karatasi ya hospitali iliyokupasua, ile ambayo wengi huiacha Ulaya pamoja na makoti ya baridi. Andika barua waitume.