Kifaru cha rimoti: kona ndiyo inayoua giaboksi

Wadau, wengi wanaounda kifaru kikubwa cha rimoti, cha kilo 30 au 40, wanakazania spidi. Kikiwekwa sakafuni kinaenda mbele safi kabisa. Kona ya kwanza tu, mota inanuka. Hela imekwenda! Ngoja nieleze kwa nini.

Kifaru hakina usukani. Kinageuka pale mnyororo wa upande mmoja unapoenda kasi kuliko wa pili, na hapo minyororo yote inaburuzwa ubavu ardhini. Nguvu inaliwa hapo.

Tupige hesabu. Kifaru kina kilo 40, mnyororo unagusa chini sentimita 80, upana toka mnyororo hadi mnyororo ni 50. Kwenda mbele, chukulia kinataka mvuto wa kilo 2 kila upande. Kugeuka palepale, msuguano ukiwa 0.7: zidisha 0.7 × 40 × 80, gawanya kwa 200 (yaani 4 × 50). Unapata kama 11. Ongeza zile 2, ni kilo 13 kila upande, zaidi ya mara 6! Ukikirefusha bila kukipanua, kona inazidi kuwa nzito.

Sasa gia. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo likiwa na sentimita 5 toka katikati hadi ukingoni, mwendo wa mita 1 kwa sekunde ni mizunguko kama 190 kwa dakika. Mota ya mizunguko 3,000 ipunguze mara 16: meno 12 kwa 48, halafu tena 12 kwa 48. Hatua ya mwisho ndiyo inabeba mzigo, kwa hiyo iwe na meno mapana, shafti nene na beringi pande zote mbili.

Kugeuza je? Vifaru vya kweli vina injini moja, kwa hiyo lazima nguvu igawanywe. Sherman za Kimarekani, ambazo jeshi la Amin lilikuwa nazo wakati wa Vita vya Kagera 1978-79, zilitumia difu: ukifunga breki upande mmoja, wa pili unaongeza kasi. Type 59 za China, ambazo JWTZ ilikuwa nazo, zina gia na klachi yake kila upande. Hapa Mkula huhitaji kwenda jeshini kuona hilo. Tazama pawatila ikifika mwisho wa shamba: dereva anabana kishikio kimoja, tairi la upande huo linakosa nguvu, la pili linasukuma.

Kwa kifaru cha rimoti mimi nasema weka mota mbili, kila mnyororo na yake. Hakuna difu wala klachi, na moja ikirudi nyuma kinageuka palepale. Mota za waipa kutoka gereji zinafaa kuanzia, giaboksi imo ndani tayari, ila kifaru kitatambaa polepole.

Kwa hiyo piga hesabu ya kona kwanza, ndipo ununue mota. Mwenye njia nyingine atupie hapo chini.