Kabla hujaposti "gari ya umeme", uliza tundu liko wapi

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana niliweka Toyota Aqua kwenye status. Gari ya mtu, mimi dalali tu. Nikaandika kwa mbwembwe: "Haibridi kali, unachaji nyumbani, sheli unapita tu." Mama mmoja wa hapa Ibighi, anapeleka ndizi na parachichi Mbeya, akatuma kishika uchumba siku hiyo hiyo. Alipokuja kuiona akaizunguka mara mbili, kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, tundu la kuchajia liko wapi?"

Halipo. Aqua haina tundu. Nilirudisha hela ya mama yote, na mpaka leo nikiposti kitu anaangalia halafu anapita. Laki chache zinarudi, mteja wa namna ile harudi kirahisi.

Shida yangu ilikuwa kudhani neno haibridi ni kitu kimoja. Sikia ilivyo.

Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, na Prius ya kawaida, iliyoanza 1997, zina injini ya petroli na mota ya umeme. Betri inachajiwa na injini yenyewe na pale unapokanyaga breki au kushuka mlima. Umeme wote huo mwanzo wake ni petroli yako ya sheli, ila haipotei hovyo. Kwa barabara yetu hii faida unaiona: ukishuka Tukuyu kwenda Kyela unateremka kama mita 1,000, betri inajaa mapema tu. Ukirudi na mchele wa Kyela ndipo injini inafanya kazi ya kweli, usimdanganye mteja.

Ya pili ni haibridi ya kuchomeka. Hii ndiyo yenye tundu. Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoingia sokoni Japani Januari 2013, ina betri ya uniti 12, uniti zile zile za LUKU unazozijua. Kwenye vipimo vya Japani inakwenda kama kilomita 60 bila kuwasha injini. Hapo ni gari mpya na njia tambarare. Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kama kilomita 70, tena milima mitupu, na betri iliyokwisha kutumika miaka kumi haishiki tena kama mpya. Petroli utaigusa njiani. Andika hivyo hivyo, mteja atakuheshimu.

Utazijuaje bila kuiona gari? Omba namba ya chesisi. Ikianza na NHP10 ni Aqua, haina tundu. Prius ZVW30 haina tundu, ZVW35 inalo. Outlander GG2W inalo. Mimi sasa siposti bila picha ya tundu likiwa wazi na waya wake pembeni. Waya usipokuwepo, sema haupo. Na ule wa Japani kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo mwambie mteja aende kwa fundi umeme anayejua. Asikate na kuunga na selotepu. Tena hizo gari nyingine zina plagi ya ndani, watu wanaisifia kwamba utawasha blenda ya juisi gulioni. Inatoa volti 100. Blenda yako ni ya 230.

Kuna jambo ambalo madalali wengi hatulisemi. Betri kubwa ya Aqua na Prius inapozwa na feni inayovuta hewa kwenye kitundu karibu na kiti cha nyuma. Sisi tunalaza kiti, tunapanga viroba na makreti, kitundu kinazibwa, vumbi linajaa kwenye chujio, betri inachemka na kufa kabla ya siku zake. Anayenunua kwa ajili ya mizigo muoneshe kile kitundu kwa kidole. Kusafisha chujio ni kazi ndogo, kununua betri ni kilio.

Haidrojeni nayo watu wananiuliza inbox. Toyota Mirai iliingia sokoni Desemba 2014: gesi ya haidrojeni inakutana na oksijeni, unapatikana umeme, bomba linatoa maji. Tamu kuisikia. Lakini gesi hiyo inajazwa kwa mgandamizo wa mara 700 ya hewa ya kawaida, kwenye kituo maalum, na kati ya Uyole na Kasumulu hakuna pa kujaza. Hata ukiletewa kwa bei ya kutupa, iache huko huko.

Wenzetu Uganda wameonja ugumu wa kufikisha kitu kipya sokoni. Wanafunzi wa Makerere walishiriki na vyuo vya nje kutengeneza Vision 200, gari ya kuchomeka, kuanzia 2007. Ikaja Kiira EV mwaka 2011, kisha haibridi yao, Kiira EV SMACK, mwaka 2014. Zilipigwa picha sana. Lakini Kiira Motors walichokuja kuingiza barabarani kwa biashara ni mabasi ya umeme ya Kayoola. Basi lina njia inayojulikana na linalala sehemu moja, unajua utalichaji wapi.

Yule mama bado anatafuta gari. Wiki iliyopita kaniuliza kuhusu GG2W moja iko Dar. Nimemwambia, "Mama, subiri kwanza nipate video ya tundu, waya, na dashibodi ikionesha chaji." Video bado sijatumiwa. Sijaposti.