Ukaguzi wa rangi yenye risasi

Ukaguzi wa rangi yenye risasi ni uchunguzi wa nyumba za kupanga unaolenga kuzuia sumu ya madini hayo kuwafikia wakazi, hasa watoto wadogo, ambao ubongo wao hudhurika hata kwa kiasi kidogo.

Nchini Marekani rangi hiyo ilipigwa marufuku katika makazi mwaka 1978, lakini majengo ya zamani bado yanayo chini ya rangi mpya. Katika jimbo la Maryland, mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka huo hutakiwa kuisajili, na kuikaguza kila anapoingia mpangaji mpya, isipokuwa imethibitishwa kuwa haina risasi.

Hatari kubwa ni vumbi. Madirisha ya kupandisha na kushusha husuguana na kulitoa kila siku. Mtoto hulishika sakafuni, kisha hutia vidole mdomoni. Kwa hiyo rangi iliyobambuka hulowanishwa kwanza ndipo ikwanguliwe, tena na mafundi waliofunzwa. Kuikwangua ikiwa kavu, au kufagia kwa ufagio, huitawanya sumu nyumba nzima. Baadaye sakafu na vizingiti vya madirisha hupigwa deki. Wenye nyumba wengine hupaka tu rangi mpya juu ya magamba. Hiyo ni kazi bure, kwani mkaguzi hupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na kukipeleka maabara.