Maabara ya Kusafisha Filamu: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuiamini (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa namna mwanga unavyopita katika lenzi na kuacha, ndani ya chembe za chumvi ya fedha, alama isiyoonekana kwa macho ambayo wataalamu huiita taswira fiche. Sehemu hii inaufuata mkanda wa filamu unapotolewa katika kamera na kukabidhiwa maabara, nayo inasimama juu ya hoja moja: kuskani kunaweza kurudiwa kila mwenye picha anapotaka, lakini kusafisha hufanyika mara moja tu, na kosa likishatendeka katika dawa ya kwanza halirekebishiki. Kwa sababu hiyo, anayetafuta maabara hana budi kuuliza kwanza habari za dawa, ndipo aulize habari za skana.

Filamu nyingi za rangi zinazouzwa leo husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ulioanzishwa na kampuni ya Kodak mwaka 1972. Dawa ya kwanza katika utaratibu huo huitwa divelopa. Ndani yake chembe zilizoguswa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi, na mabaki ya dawa iliyofanya kazi hiyo huungana na viini vilivyomo katika filamu yenyewe na kuunda rangi. Kisha blichi huirudisha fedha katika hali ya chumvi, fiksa huiyeyusha na kuiondoa, na hatimaye maji pamoja na dawa ya kuimarisha rangi hukamilisha kazi. Hatua inayodai uangalifu mkubwa zaidi ni ile ya kwanza, kwa kuwa divelopa hutakiwa kuwa na joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi, bila kupanda wala kushuka zaidi ya nyuzi 0.15, na filamu hukaa humo kwa dakika 3 na sekunde 15. Filamu ya rangi ina tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine, na dawa hupita ya juu kabla ya kuifikia ya chini. Kwa hiyo joto au muda ukikosewa, tabaka hizo haziendi sambamba, na picha hutoka ikiwa na rangi moja katika sehemu za kivuli na rangi nyingine katika sehemu zenye mwanga, kasoro ambayo hata skana bora hushindwa kuiondoa kikamilifu.

Divelopa huchoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumika, kwa maana kila mkanda unaopita hupunguza nguvu yake, hivyo maabara hulazimika kuongeza dawa mpya kwa kipimo kinacholingana na idadi ya filamu zilizosafishwa. Njia ya pili ni kukaa, kwa kuwa hewa huiharibu dawa hata pasipo filamu yoyote kupita. Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ya Afrika Mashariki, ambako studio nyingi zilizokuwa zikisafisha filamu kila siku ziliachana na kazi hiyo kamera za dijitali zilipoenea, na mashine inayopokea mikanda michache kwa juma inaweza kubaki na dawa iliyozeeka ingawa haijafanya kazi kubwa. Haifuati kwamba maabara ndogo ni mbaya. Ile inayokusanya filamu kwa siku maalumu, ikachanganya dawa mpya kwa kiasi kidogo na kuimwaga baada ya idadi ya mikanda iliyowekwa, inaweza kuishinda mashine kubwa iliyotelekezwa. Swali la kuuliza, basi, ni lini dawa ilichanganywa na imekwisha kusafisha mikanda mingapi. Maabara makini zaidi hupitisha pia kipande cha filamu ya majaribio kilichokwisha kupigwa mwanga kiwandani kwa kipimo kinachojulikana, kisha hupima weusi wake kwa chombo kiitwacho densitomita na kuandika matokeo katika chati. Fundi anayeweza kuionyesha chati hiyo ametoa hakikisho ambalo tangazo lolote haliwezi kulitoa.

Maabara ya kuaminika huuliza pia ni filamu ya aina gani iliyoletwa. Filamu za slaidi hupitia utaratibu wa E-6, wenye dawa zake. Filamu za kawaida za rangi nyeusi na nyeupe husafishwa mara nyingi katika nyuzi 20, kwa muda unaotofautiana kulingana na filamu na dawa, ilhali Ilford XP2, ingawa nayo hutoa picha nyeusi na nyeupe, huingia katika C-41. Filamu za sinema, kwa miaka mingi, zilibeba mgongoni utando mweusi wa kaboni ambao ukiingia katika mashine ya C-41 huchafua dawa na filamu za wateja wengine. Anayepokea mikanda bila kutazama maandishi ya kopo la kila mkanda anawahatarisha wateja wake wote.

Ushahidi mkuu wa kazi ya maabara ni negativu yenyewe, na kila mwenye picha anaweza kujifunza kuisoma. Pembezoni mwa filamu, karibu na matundu, kiwanda huchapa kwa mwanga jina la filamu na namba za picha. Maandishi hayo hayategemei kamera wala mpigapicha, bali hujitokeza filamu inaposafishwa, na hivyo ni shahidi asiyependelea upande wowote. Picha zikiwa hafifu huku maandishi yamekolea, filamu ilipata mwanga haba na maabara haina lawama. Lakini picha na maandishi vikiwa hafifu kwa pamoja, na filamu haikuwa imepita muda wake, basi kuna sababu ya kushuku kwamba divelopa ilikuwa imechoka, ilikuwa baridi, au muda wake ulikatizwa. Ukungu wa rangi ya maziwa katika negativu nyeusi na nyeupe huashiria fiksa isiyotosha, nao huweza kuondolewa kwa kurudia hatua hiyo, wakati madoa ya maji na alama za vidole hueleza mikono iliyoishika filamu.

Katika kuskani, jambo la kwanza ni idadi ya nukta. Picha ya filamu ya kawaida ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa kila inchi, hutoa pikseli zipatazo 2,270 kwa 3,400, zinazotosha kuchapa picha ya takriban sentimita 19 kwa 29. Jambo la pili ni maamuzi ya mashine na fundi kuhusu rangi. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha mashine zao kwa picha ya kulinganishia ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi ikawa haitendewi haki hata pale dawa zilipokuwa sahihi. Kwa hiyo ni halali, na ni lazima, kuomba kuona picha za watu weusi zilizoskaniwa na maabara hiyo, na kuchunguza kama nyuso zimepaushwa au zimezama katika giza.

Njia ya hekima ni kupeleka kwanza mkanda mmoja usio na picha za thamani, kudai negativu zirudishwe zikiwa katika mifuko safi, na kuzikagua dhidi ya mwanga kabla ya kutazama faili za skani. Anayelazimika kusafirisha filamu kwa ndege asiiweke katika mizigo ya kukabidhi, kwa kuwa miale ya ukaguzi wa mizigo hiyo huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Picha za arusi, za wazee na za watoto hazipigwi mara ya pili, na maabara inastahili kukabidhiwa amana hiyo baada tu ya negativu zake kuthibitisha kwamba inaistahili. Sehemu ya tatu itaeleza uhifadhi wa negativu katika joto na unyevu wa pwani.